Saa Sita za Kuokoa Mguu

Kila mtu anayekatiza Mnara wa Saa jijini Arusha asubuhi hii, awe konda wa kifodi, mama muuza ndizi au mtalii mwenye begi mgongoni, amebeba spea ya mshipa wa damu ndani ya mguu wake. Spea hiyo huanzia mbele kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, hupanda kando ya goti, hupita paja na kuishia kwenye kinena. Ni vena ndefu kuliko zote mwilini. Iko karibu na ngozi, na daktari akitoa kipande chake, damu hutafuta njia nyingine ya kurudi moyoni bila taabu kubwa. Kipande hicho ndicho madaktari wa upasuaji hukitumia kuunga ateri iliyokatika mkononi au mguuni. Hakiagizwi kutoka nje, hakiuzwi dukani, na mwili haukikatai kwa kuwa ni mali yake.

Kinachoadimika ni muda.

Ateri kubwa ya mguu ikikatika au ikiziba, nyama zote zilizo chini ya hapo huanza kufa kwa kukosa oksijeni. Neva hulalamika mapema, ndiyo maana ganzi huja kabla ya mengine. Misuli hufuata. Ngozi huvumilia zaidi, na uvumilivu wake huwadanganya watu, kwa sababu mguu unaweza kuonekana mzima kwa nje wakati ndani umeshaanza kuharibika. Vitabu vya upasuaji vimezoea kutaja muda wa saa 6. Muda huo si sheria ya maumbile: kuna mguu unaopona baada ya saa 10 kwa sababu mishipa midogo ya pembeni iliendelea kupitisha damu kidogo, na kuna mguu unaooza baada ya saa 4 kwa sababu mishipa hiyo nayo ilipondwa. Hata hivyo, hiyo ndiyo hesabu inayomfaa mtu kuwa nayo kichwani akiwa Oldonyo Sambu, Ngarenanyuki au Longido, na mbele yake kuna majeruhi amelala kando ya barabara.

Arusha inazijua ajali. Jioni ya Jumamosi, Februari 24, 2024, lori lililoshindwa kufunga breki liligonga magari mengine eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha hadi Namanga. Watu 25 walifariki na 21 wakajeruhiwa. Habari za siku zilizofuata ziliwahesabu marehemu kwa uangalifu unaostahili. Majeruhi hutajwa kwa idadi tu, kisha huingia wodini na kupotea kwenye habari. Humo wodini, bila mwandishi wala kamera, ndimo huamuliwa nani atarudi nyumbani na viungo vyake vyote.

Karibu miaka saba kabla ya hapo, Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walionusurika walitibiwa kwanza katika Hospitali ya Mount Meru, na Mei 14 wakaondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro kwenda Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, kwa matibabu ya mifupa iliyovunjika. Agosti mwaka huo walirudi. Nchi nzima ilishukuru, na ilikuwa haki kushukuru. Lakini tazama hesabu ya siku: zilipita nane kati ya ajali na safari. Mfupa uliovunjika, ukitulizwa vizuri, unaweza kusubiri siku nane. Ateri iliyokatika haisubiri ndege. Mwenye jeraha hilo anasaidiwa Arusha au Moshi siku hiyohiyo, na ikishindikana, anapoteza kiungo.

Majeraha haya yana sura mbili. Sura ya kwanza haimfichi mtu: panga lililoteleza kwenye mgomba, sime, kioo cha dirisha, risasi, pembe ya nyati. Wanaopanda Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, husindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mkulima anayepakana na hifadhi hana askari wa kumsindikiza shambani. Pembe ikizama sehemu ya juu ya paja, inapita jirani kabisa na ateri kuu ya mguu. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi, na ateri hiyo ikikatika anaweza kufa kwa dakika chache, akiwa bado anaongea na waliomzunguka.

Sura ya pili ni ya siri, nayo ndiyo inayokata miguu mingi isiyostahili kukatwa. Fikiria dereva wa bodaboda aliyegongwa ubavuni kwenye barabara pana ya Sakina hadi Tengeru. Goti lilipigwa likatoka mahali pake, kisha likarudi lenyewe wakati wasamaria wakimnyanyua. Hakuna damu iliyomwagika. Goti limevimba tu, na waliomleta wanaamini ameteguka. Nyuma ya goti, hata hivyo, hupita ateri iliyoshikwa kwa nguvu juu na chini ya kiungo, haina nafasi ya kusogea. Goti linapochomoka, ateri huvutwa. Utando wake wa ndani unachanika, damu inagandia hapo, na baada ya saa moja au mbili njia imefungwa kabisa. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu na kuambiwa asubiri picha ya eksirei. Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi mshipa.

Kinachomwokoa mgonjwa huyo ni kidole cha mtu anayejua pa kukiweka. Mapigo ya damu mguuni husikika sehemu mbili: juu ya unyayo, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Mkononi husikika kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Muuguzi au daktari anapokosa mapigo upande ulioumia na kuyapata upande mwingine, hapo ndipo saa inapoanza kuhesabiwa. Dalili nyingine hufuatana nayo: maumivu makali kupita kiasi cha jeraha, weupe au kupauka kwa rangi ya unyayo na kiganja, ubaridi, ganzi, na mwishowe vidole kukataa kujongea. Uvimbe unaokua na kudunda, au damu inayotoka kwa kuruka, havihitaji kipimo kingine chochote. Huyo anapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Pale kidole kinapokuwa na shaka, presha ya damu inayopimwa kwenye kifundo hulinganishwa na ile ya mkono. Ya kifundo ikiwa chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, kuna sababu ya kuhofia mshipa. Mashine ya kawaida ya kupimia presha na kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza mtiririko wa damu vinatosha kwa kazi hiyo. Serikali imepeleka CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa miaka ya karibuni, na ikitumika pamoja na dawa ya kuonyesha mishipa, huchora mahali hasa palipoharibika. Ni msaada mkubwa kwa mgonjwa mwenye shaka. Kwa yule ambaye mapigo yamepotea na mguu ni wa baridi, foleni ya kipimo ni dakika zinazoibwa kwake.

Watoto wana jeraha lao. Kwenye miteremko ya Meru, kuanzia Ilboru hadi Nkoaranga, miti ya parachichi na mipera imejaa, na mtoto anayeanguka huweka mkono chini ili ajizuie. Mfupa wa mkono huvunjika juu kidogo ya kiwiko, na ncha yake kali inaweza kuichoma au kuibana ateri inayopita mbele yake. Mara nyingi kuurudisha mfupa mahali pake kunatosha kurudisha mapigo. Hatari huja mkono unapofungwa ukiwa unavimba, iwe kwa hogo la hospitali lililobana au kwa vijiti na kamba za mganga wa mifupa. Misuli ya kigasha hubanwa ndani ya nafasi isiyotanuka, hufa, kisha hukauka na kujikunja, na vidole hubaki vimekunjamana maisha yote. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza ulemavu huo mwaka 1881. Karibu karne moja na nusu baadaye ungali ukiwapata watoto wa Afrika Mashariki.

Waganga wa mifupa wanaaminika kwa sababu wapo karibu, wanajulikana kwa ukoo, na mifupa mingi rahisi huunga hata bila utaalamu mkubwa. Kuwatukana hakumsaidii mtoto. Kinachomsaidia ni mzazi kujua jambo moja: mtoto aliyefungwa mkono akilia usiku kwa maumivu yanayozidi, na vidole vyake vikinyooshwa analia zaidi, kifungo hicho hulegezwa saa hiyohiyo na mtoto hupelekwa hospitali. Kusubiri kuche kunaweza kugharimu mkono.

Halafu kuna mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Wafugaji wa ndani wa Arumeru wanaitumia kama wenzao wa Kiambu, Kenya, na ni huko Kiambu kulikotokea kisa kinachofaa kukumbukwa. Januari 2018 kijana wa miaka 17 alikatwa kiganja chote na mashine hiyo. Alifikishwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, pamoja na kiganja chake kilichohifadhiwa kwa barafu, na madaktari wakatumia takribani saa saba kuunganisha mfupa, kano, neva na mishipa ya damu. Mkono ulirudi mahali pake. Upasuaji wa namna hiyo ulifanikiwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1962, Boston, kwa mvulana wa miaka 12 aliyepoteza mkono wote kwenye treni ya mizigo. Kwa anayekumbwa na hali hiyo Usa River au Tengeru, utaratibu ni huu: kiungo kilichokatika hufungwa kwenye kitambaa safi chenye unyevu, hutiwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko ndio unaowekwa juu ya barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja, inaiunguza.

Kazi ya kwanza hufanywa na mtu asiye daktari, barabarani. Jeraha linalomwaga damu hukandamizwa kwa nguvu, kwa kitambaa safi, kwa uzito wa mwili mzima, bila kuchungulia kila baada ya nusu dakika. Likiwa shimo refu, kitambaa husukumwa ndani mpaka kijae kisha hukandamizwa. Kisu au kipande cha chuma kilichokwama hakichomolewi, maana huenda ndicho kilichoziba tundu la mshipa. Kama damu haikomi, hufungwa mkanda mpana, sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, ukakazwa kwa kijiti mpaka damu isimame, na muda wa kufunga ukaandikwa mahali patakapoonekana, hata kwenye paji la uso. Mkanda ukikaa chini ya saa mbili, kwa kawaida mguu huvumilia. Waya, kamba ya viatu na kamba nyembamba ya manila hukata nyama na kuponda neva. Mkanda uliolegea nao una madhara yake: huzuia damu isirudi kupitia vena huku ateri ikiendelea kumwaga, na mgonjwa hutoka damu zaidi kuliko kabla ya kufungwa.

Madereva wa bodaboda ndio wanaofika kwanza kwenye ajali nyingi za jiji hili, kabla ya polisi na kabla ya gari la wagonjwa. Wakifundishwa kukandamiza na kufunga, kwa nusu siku tu kijiweni kwao, wataokoa damu nyingi kuliko chupa zitakazokusanywa kwa kampeni kadhaa. Na chupa zenyewe zinahitajika. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini kiko Moshi, na mgonjwa mmoja wa ateri ya paja anaweza kumaliza akiba ya kundi lake la damu kwa usiku mmoja.

Mgonjwa akifika mezani, miguu yote miwili husafishwa na kuachwa wazi. Wauguzi wapya hushangaa kwa nini mguu mzima nao unapakwa dawa. Sababu ni ile spea: hutolewa kwenye mguu usioumia, kwa kuwa ule ulioumia unahitaji kila vena iliyobaki ili kurudisha damu. Daktari hafungui jeraha lenyewe kwanza. Anatafuta ateri nzima juu ya jeraha na chini yake, anaweka vibanio, na hapo ndipo anapogusa donge la damu lililokuwa limeziba. Akianza na donge, hukutana na damu inayoruka usoni mwake bila kuona inakotoka.

Ncha zilizopondwa hupunguzwa mpaka ukuta wa mshipa uwe safi. Katheta nyembamba yenye kibofu kidogo mwishoni huingizwa ndani ya mshipa ikiwa imesinyaa, hujazwa maji, kisha huvutwa taratibu na kutoka na damu iliyoganda. Iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mmarekani Thomas Fogarty, aliyefunga ncha ya kidole cha glovu ya mpira kwenye katheta kwa ustadi alioupata katika kutengeneza chambo za kuvulia samaki. Kabla yake, kutoa donge kulihitaji kupasua mguu mrefu. Mshipa huoshwa kwa maji yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kama pengo ni dogo, ncha mbili hushonwa pamoja. Kama zinavutana, kipande cha vena huwekwa katikati, na kabla ya kushonwa hugeuzwa juu chini. Vena ina vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Asiyekigeuza amejenga mlango uliofungwa.

Uzi unaotumika una unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Namna ya kuushona ina historia ndefu kidogo. Mwaka 1759, Newcastle, Uingereza, daktari Hallowell aliziba tundu la ateri ya mkono kwa pini na uzi, baada ya mgonjwa kutobolewa kwa bahati mbaya alipokuwa akitolewa damu. Zaidi ya karne ilipita bila wengi kumfuata. Mwaka 1894 Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu mjini Lyon akafa kwa sababu hakuna aliyejua kushona mshipa mkubwa. Alexis Carrel, kijana aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, hakukubali kwamba haiwezekani. Alikwenda kujifunza kwa mwanamke mtarizi, Madame Leroudier, jinsi ya kutumia sindano ndogo na uzi laini bila kuchana kitambaa. Akabuni kushikilia ncha mbili za mshipa kwa nyuzi tatu zinazofanya pembetatu, ili uwazi wa duara ubaki wazi wakati wa kushona. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Mfumo wake ungali unafundishwa.

Ujuzi ukiwepo na muda usiwepo, matokeo hayabadiliki sana. Ushahidi mkubwa umetoka vitani. Michael DeBakey na Fiorindo Simeone walichambua majeraha 2,471 ya ateri ya askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia na kuchapisha matokeo mwaka 1946. Wengi walifungwa mshipa tu ili damu ikome, na karibu nusu yao walikatwa kiungo. Walioshonwa walikuwa 81 peke yao, kwa kuwa majeruhi walifika kwa madaktari baada ya saa nyingi mno. Kwenye ateri ya nyuma ya goti, zaidi ya asilimia 70 walipoteza mguu. Katika vita vya Korea, helikopta zilipowafikisha majeruhi mapema na madaktari wakaamua kushona badala ya kufunga, kiwango cha kukatwa kilishuka hadi asilimia 13 hivi. Uzi na sindano havikuwa vigeni. Barabara ya kumfikia daktari ndiyo iliyofupishwa.

Kuna hatua moja ambayo ndugu wa mgonjwa huiogopa kuliko zote, nayo ni ya lazima mara nyingi. Damu ikirudi kwenye misuli iliyokaa njaa kwa saa kadhaa, misuli huvimba. Chini ya goti imefungiwa katika vyumba vinne vya utando mgumu usiotanuka, hivyo uvimbe huikaba na kuzima tena damu iliyorudishwa kwa taabu. Daktari hupasua mguu mistari miwili mirefu, ndani na nje ya ugoko, akifungua vyumba vyote vinne. Mguu huachwa wazi siku kadhaa, kisha hushonwa au kupandikizwa ngozi. Ndugu akiingia wodini asubuhi, anaona mguu ulioonekana salama jana ukiwa umechanwa hadi nyama, na hudhani kuna kosa limefanyika. Daktari anayewaeleza mapema, kwa lugha yao na kwa uvumilivu, amewaondolea usiku mgumu.

Hapo ndipo swali la mkoa wa Arusha linaposimama wazi. Madaktari bingwa waliosomea mishipa ya damu peke yake ni wachache Afrika Mashariki, na wengi wako kwenye miji mikubwa. Tanzania wanahusishwa hasa na Dar es Salaam, kwenye Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Hospitali ya kanda ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi. Mgonjwa aliyetoka Longido amekwishatumia saa mbili au tatu kabla ya kufika Mount Meru, hospitali ya Kilutheri ya ALMC au Selian. Akipewa rufaa, ikasubiriwa gari, mafuta, barua na fomu ya polisi ya PF3, saa 6 zimekwisha akiwa bado Kilala au Maji ya Chai.

Ipo njia ya kuununua muda huo, na ndiyo inayostahili kupiganiwa. Daktari wa upasuaji wa kawaida, asiyeshona ateri mara kwa mara, anaweza kufungua jeraha, kuondoa donge, na kuingiza mrija wa plastiki uliotakaswa kati ya ncha mbili za ateri, akaufunga kwa nyuzi pande zote. Damu inapita. Mguu unapata joto. Mrija wa aina hiyo ulitumika sana Iraq na Afghanistan baada ya 2003, na pasipo ule wa kiwandani, kipande cha mrija wa dripu kimewahi kufanya kazi hiyo. Mgonjwa anasafirishwa mpaka kwa mtaalamu akiwa na mguu hai, na vena huunganishwa kwa utulivu. Kazi hii haihitaji jengo jipya. Inahitaji mikono iliyozoezwa, kisanduku kidogo cha vifaa kinachokaa tayari, na simu inayopigwa Moshi kabla gari halijaondoka.

Mikono inaweza kuzoezwa hapahapa. Makao makuu ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yapo Arusha. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1999 na hakina kampasi: mwanafunzi hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyothibitishwa, chini ya daktari mwandamizi, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine wanachama. Ni mfumo uliobuniwa kwa ajili ya hospitali za mikoa kama hizi. Mpango wa taifa wa upasuaji na usingizi ambao Tanzania iliuzindua mwaka 2018 ulilenga kupeleka huduma hizo karibu na wananchi. Wajawazito wana m-mama, namba 115 ya bure inayotafuta gari na hospitali kwa pamoja. Majeruhi wa barabara ya Namanga bado anategemea huruma ya mwenye gari anayepita. Mfumo ulioweza kumbeba mama unaweza kupanuliwa ukambeba na yeye.

Wapo watakaofika wakiwa wamechelewa. Misuli ikishakuwa migumu na vidole havijongei kabisa, kurudisha damu ni hatari: sumu na potasiamu vilivyojikusanya mguuni hukimbilia moyoni na kwenye figo, na mgonjwa anaweza kufa akiwa na mguu uliounganishwa vizuri. Hapo daktari huwaita ndugu, na kikao hukaa kwenye benchi nje ya wodi. Mara nyingi baba mdogo au mjomba anaombwa atoke kijijini kwanza. Kila saa ya kusubiri inapandisha sumu, na daktari mwenye huruma ndiye anayelazimika kuwa mkali.

Waliokatwa hutegemea mafundi ambao wengi wao wamesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilicho kwenye eneo la KCMC, kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwezi wa kwanza kigutu hufungwa na kuzoezwa ili kipungue uvimbe, ndipo mguu wa kwanza hupimwa, na mtoto atahitaji mwingine kila anapokua. Aliyekatwa chini ya goti hutembea kwa nguvu zisizopita sana za mtu mzima wa miguu miwili. Aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua, na kwa mkulima wa Nkoaranga au Poli ambaye shamba lake limelala kwenye mteremko wa Meru, tofauti hiyo huamua kama atalima mwenyewe au atakodisha shamba. Ndiyo maana daktari aliyekwisha kukubali kwamba unyayo umepotea bado husimama mezani saa nyingine nzima, akitafuta misuli iliyo hai sentimita kumi na mbili chini ya goti, ili alibakize.